Usiongeze Sauti, Pepeta Kelele

"Baba mdogo, shangazi hatakuja leo."

Mtoto wa kaka yangu aliniambia hivyo kwa simu saa nne asubuhi, nikiwa Mbezi kando ya barabara, mabasi yananguruma na wapiga debe wanaita abiria wa mikoani. Mashine zangu zote mbili za masikio nilikuwa nimezipandisha sauti mpaka mwisho. Nilisikia kila alichosema isipokuwa herufi moja. Mimi nilisikia: "Shangazi atakuja leo." Nikaingia Stendi ya Magufuli, nikatafuta benchi, nikamsubiri dada yangu mpaka alasiri, kumbe mwenyewe yuko kwake Morogoro amelala na homa.

Herufi h ni pumzi tu. Haina ubavu wa kushindana na injini ya basi. Lakini katika Kiswahili pumzi hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha atakuja na hatakuja, atalipa na hatalipa, ataweza na hataweza. Tangu siku ile nimejifunza mengi kuhusu vifaa hivi, ambavyo wataalamu wetu huviita shimesikio, na nayaandika kwa ajili ya mwenzangu anayesikia vizuri sebuleni kwake, lakini akifika sokoni, harusini au kwenye kikao cha ukoo hubaki kutikisa kichwa na kutabasamu bila kuelewa kilichosemwa.

Neno langu kubwa ni hili: penye kelele, dawa si kuongeza sauti. Dawa ni kuongeza tofauti kati ya sauti ya anayesema nawe na kelele inayomzunguka. Mpishi akitaka kuondoa pumba hamimini mchele zaidi kwenye ungo, maana mchele ukizidi na pumba zinazidi. Hupepeta. Ukipandisha sauti ya shimesikio katikati ya Kariakoo, unapandisha mchele na pumba kwa pamoja. Yote nitakayoeleza, kuanzia mashine yenyewe, kiti unachokalia, mpaka watu unaozungumza nao, ni njia za kupepeta.

Sauti ipo, neno halipo

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo chenye umbo la konokono. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, na hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya kupelekwa kwenye ubongo. Seli hizo zikifa kwa uzee, kwa kelele za kazini au kwa ugonjwa, hazioti tena. Kwa wengi wetu zinazotangulia kufa ni zile za mlangoni mwa konokono huyo, ambazo kazi yake ni kupokea sauti nyembamba.

Sasa sikiliza jinsi lugha yetu ilivyoundwa. Irabu a, e, i, o, u ndizo zinazobeba nguvu kubwa ya sauti, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko kwenye sauti nene, ambako masikio yetu bado yako imara. Konsonanti kama s, f, sh, th, h, t na k ni nyembamba na dhaifu, lakini ndizo zinazobeba maana. Pika, fika, shika na zika zina irabu zilezile. Mtu akikuambia "sita" na mwingine "tisa", irabu ni zilezile, na hata konsonanti ni zilezile zilizobadilishana viti. "Thelathini" na "themanini" zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba amesikia bei, akatoa elfu thelathini, muuzaji akabaki anangoja elfu hamsini nyingine.

Kelele ya injini, feni, jenereta na umati wa watu nayo ina nguvu nyingi kwenye sauti nene. Hufunika konsonanti hafifu kama vumbi linavyofunika maandishi. Zaidi ya hapo, seli zilizokufa zilikuwa na kazi nyingine, ya kuchambua sauti zinazokaribiana ili zisichanganyike. Mashine inaweza kurudisha ukubwa wa sauti. Uchambuzi ule haiwezi kuurudisha wote. Kwa hiyo mwenye usikivu hafifu, hata akiwa na mashine nzuri, anahitaji sauti ya msemaji iizidi kelele kwa desibeli (vipimo vya ukubwa wa sauti) kadhaa zaidi ya anavyohitaji mwenye masikio mazima. Huo si uzembe wala kutokuwa makini, na waeleze hivyo wanaokulaumu nyumbani.

Wala hatuko wachache. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuhusu usikivu ya mwaka 2021, lilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma.

Kabla hujailaumu mashine, isafishe

Mashine iliyoziba haipepeti chochote. Shimesikio nyingi za siku hizi zina maikrofoni mbili, moja mbele na moja nyuma, na kwa kulinganisha sauti inavyofika kwenye tundu hili na lile mashine hujua sauti inatoka upande gani. Vumbi, poda, mafuta ya nywele au jasho vikiziba tundu moja, uwezo huo hupotea kimyakimya. Ndani ya nyumba hutagundua. Utagundua sokoni, na utadhani usikivu wako umeshuka.

Kila jioni pangusa mashine kwa kitambaa kikavu na laini, kisha upitishe brashi ndogo kwenye matundu ya maikrofoni ukiwa umeigeuza yatazame chini ili uchafu udondoke nje. Tazama kichujio kinachozuia nta ya sikio; kikiziba, kibadilishe. Usichokonoe kwa sindano wala njiti. Masikio yenyewe nayo yakaguliwe hospitali mara kwa mara, kwa sababu nta iliyojaa huziba sauti na hufanya mashine ipige mluzi.

Sisi tunaoishi Pwani, kuanzia Mtwara mpaka Lamu, tuna adui mwingine: unyevu. Usiku fungua mlango wa betri, weka mashine ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya chembechembe za kukausha unyevu. Zile zinazochajiwa zina maboksi yake ya kukaushia. Kama unatumia betri ndogo za kutupa, ukishabandua ile karatasi ya gundi subiri dakika kadhaa kabla ya kuifunga ndani, maana betri hizo huamshwa na hewa. Ziweke mbali na watoto, tafadhali: betri iliyomezwa ni hatari kubwa.

Nenda kwa mtaalamu na daftari

Nilikonunua shimesikio zangu za kwanza waliniwekea masikioni, wakaniuliza kama nasikia, nikasema nasikia, wakaniambia mengine nitazoea. Nilisema kweli: chumba kilikuwa kimya na aliyeniuliza alikuwa umbali wa meza moja. Miezi ikapita nazoea kutoelewa. Kosa langu lilikuwa kurudi kwao na lalamiko lisiloshikika. Ukisema "sisikii vizuri", mtaalamu ataongeza sauti, kwa sababu ndicho ulichoomba.

Kabla ya kurudi, andika kwa wiki moja. Kila neno linapokuponyoka, andika mambo manne: ulikuwa wapi, nani alikuwa anasema na akiwa umbali gani, kelele ilikuwa ya aina gani na ilitoka upande upi, na ulisikia nini badala ya nini. "Jumamosi, kikao cha harusi, barazani kwa shemeji. Mwenyekiti mita tatu mbele, jenereta kushoto. Alisema sita, nilisikia tisa." Mistari kumi ya namna hiyo ina thamani kuliko saa nzima ya malalamiko, kwa kuwa kila mstari unaonyesha kinachohitaji kurekebishwa.

Ukifika na daftari lako, zungumzeni mambo haya.

Kwanza, omba usikivu upimwe upya, na ikiwezekana upimwe pia jinsi unavyoelewa maneno yakichanganywa na kelele. Kipimo cha kawaida cha milio kinaonyesha sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia kwenye ukimya. Watu wawili wenye majibu yanayofanana kwenye kipimo hicho wanaweza kutofautiana sana penye kelele.

Pili, uliza kama wanaweza kupima sauti inayotolewa na mashine ikiwa ndani ya sikio lako. Huingizwa mrija mwembamba wa plastiki kando ya shimesikio, ukaunganishwa na maikrofoni, kisha mtaalamu hulinganisha kinachofika karibu na ngoma ya sikio na kiwango kinachotakiwa kwa usikivu wako. Viwango hivyo hukokotolewa kwa kanuni maalumu. Mojawapo inayotumika sana ni NAL-NL2, iliyotengenezwa na maabara ya taifa ya usikivu ya Australia. Mpangilio wa kwanza unaotoka kiwandani mara nyingi hutoa sauti nyembamba pungufu ya kiwango hicho, ili mvaaji mpya asikereke. Ni nia njema, lakini sauti nyembamba ndiyo yenye s na f zetu. Kama uliwekewa mpangilio huo na hukurudi tena, huenda umekuwa ukivaa nusu ya mashine yako.

Tatu, kagueni kile kijipira kinachoingia sikioni. Chenye matundu makubwa ni chepesi na hakileti mwangwi wa sauti yako mwenyewe, ila kelele nene huingia moja kwa moja bila kupita kwenye mashine, na hakuna teknolojia inayoweza kupunguza kelele isiyopita kwake. Kilichoziba zaidi, au moldi iliyochongwa kwa umbo la sikio lako, huipa mashine mamlaka juu ya kinachoingia, ingawa mwanzoni utajisikia kama unazungumza ndani ya mtungi. Kwa wenye upungufu mkubwa, badiliko hili dogo linaweza kusaidia kuliko kununua mashine mpya.

Nne, omba programu ya pekee kwa ajili ya penye kelele, unayoweza kuiwasha mwenyewe kwa kitufe au kwa simu. Programu hiyo huzielekeza maikrofoni mbele na kupunguza sauti za nyuma na pembeni. Iombee pia besi ipunguzwe kidogo, maana huko ndiko kelele nyingi ilikolala. Ulizia na kipunguza kelele, lakini ukijue kilivyo: hupunguza mvumo usiobadilika kama wa feni au injini, usichoke sana na kichwa kisikuume, lakini hakiwezi kumnyamazisha jirani anayesimulia kwa sauti, kwa sababu kwa mashine maneno ya jirani na maneno ya mkeo yote ni maneno.

Tano, sema wazi kama kuna sauti zinazokuumiza: vyombo vikigongana, honi, spika za ukumbini. Shimesikio nyingi zina kikomo cha sauti ya juu kinachoweza kushushwa. Mtu anayeogopa kuumia hupunguza sauti yote, akapoteza na konsonanti. Ni afadhali kikomo kishushwe kuliko uvae mashine iliyolala.

Usikubali mambo yote matano yabadilishwe siku moja. Likibadilishwa moja au mawili, kaa nalo wiki mbili, andika, rudi. Na ukitaka kununua mashine mpya, uliza kwanza kama marekebisho ya baadaye yamo ndani ya bei. Mashine bila marekebisho ni suti isiyopelekwa kwa fundi cherehani.

Kipimo cha nyumbani

Utajuaje kama programu mpya imekusaidia? Usitegemee hisia. Kuna kipimo rahisi ninachokifanya na mke wangu. Yeye anaandika orodha ya namba ishirini zilizochanganywa: sita, tisa, saba, thelathini, themanini, na nyinginezo zenye kufanana. Anakaa mita moja mbele yangu. Nyuma yangu tunawasha feni, na redio inayozungumza kwa sauti tusiyoibadilisha. Nafumba macho nisisome midomo. Anasoma kwa sauti yake ya kawaida, mimi narudia, yeye anaweka alama.

Tunahesabu nilizopata, nabadilisha programu, anasoma orodha nyingine mpya. Nikipata kumi na moja kwenye programu ya kwanza na kumi na sita kwenye ya pili, nina jambo la kumwambia mtaalamu. Tofauti ya namba moja au mbili haina uzito. Inaweza kuwa bahati. Rudieni siku nyingine kabla hujakata shauri. Kisha mwambie ahamie nusu mita, uone namba zinavyopanda bila kugusa mashine. Zoezi hilo litakufundisha linalofuata.

Miguu yako ni sehemu ya mashine

Mahali pa wazi, kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti ya msemaji inayokufikia hupanda kwa desibeli 6 hivi. Kelele ya mahali haipandi, kwa kuwa inatoka kila upande. Kutoka mita mbili kwenda mita moja umepata 6, na kutoka moja kwenda nusu umepata 6 nyingine. Maikrofoni za kuelekeza mbele, katika mazingira ya kweli, huongeza desibeli chache tu. Kusogea kiti kunaweza kukupa zaidi ya zinavyokupa mashine za bei mbaya, na ni bure. Jitoe haya usogee.

Ukishasogea, angalia kelele iko wapi. Tulizoea kuambiwa tukae na ukuta mgongoni. Kwa mvaaji wa shimesikio zenye kuelekeza mbele, mara nyingi kinyume chake ndicho kinachofaa: mgongo wako utazame jiko, barabara au umati, na unayezungumza naye awe mbele yako, ukuta uwe nyuma yake. Hapo mashine inakata kelele ya mgongoni na kumwacha yeye. Ukikaa na ukuta mgongoni unautazama mgahawa mzima, na mashine itakuletea mgahawa mzima. Hakikisha pia mwanga unamwangukia yeye usoni. Midomo inayotamka f na m huonekana hata pale ambapo herufi hizo hazisikiki.

Kwenye daladala usipambane. Injini, upepo wa madirishani na muziki vinatoka pande zote, na unayezungumza naye yuko ubavuni, mahali ambapo programu ya kuelekeza mbele inamkata yeye mwenyewe. Rudisha programu ya kawaida, punguza sauti kidogo, jina la njia lisome kwenye gari, nauli na kituo vimalize kwa konda kabla gari halijaondoka. Kwenye bodaboda kofia hubana mashine ikapiga mluzi na upepo ukanguruma kwenye maikrofoni. Ivue, iweke kwenye kiboksi chake, mfuko wa ndani. Na unapotembea kando ya barabara usiache programu ya kelele ikiwa imewashwa. Inapunguza sauti za nyuma, na pikipiki hutokea nyuma.

Msikitini na kanisani adui ni mwangwi. Sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha kila neno likamkuta jingine njiani. Maikrofoni za mbele hazisaidii sana msemaji akiwa mbali, hivyo wahi mapema ukae safu za mbele, umwone khatibu au mchungaji uso kwa uso, na usiwe chini ya spika wala feni. Harusini chagua meza ya pembeni, mbali na spika. Mazungumzo ya maana, kama kumsalimia mkwe au kumpa pole mfiwa uliyemkuta hapo, fanya kabla muziki haujafunguliwa, au mwombe mtoke nje kidogo.

Zipo pia maikrofoni ndogo zisizo na waya zinazotuma sauti moja kwa moja kwenye shimesikio. Msemaji akiibana kwenye kola, umbali wa sentimeta 25 kutoka mdomoni, ni sawa na wewe kuwa umeweka sikio kifuani mwake hata akiwa ng'ambo ya chumba. Ukilinganisha na mita mbili, hesabu ya juu inakupa desibeli 18 hivi. Hakuna programu ya mashine peke yake inayofikia hapo. Kwa mwanafunzi darasani, kwa diwani kikaoni, kwa mama anayesafiri na watoto garini, ndicho kifaa cha ziada ambacho ningekishauri kwanza, mradi uhakikishe kinaelewana na shimesikio ulizo nazo. Simu nazo, kama mashine yako inaungana nazo, zipitishe moja kwa moja kwenye masikio yote mawili. Ningekuwa nimelijua hilo, nisingekaa stendi mpaka alasiri.

Na nasisitiza masikio mawili. Mwaka 1953 mwanasayansi Colin Cherry alichapisha majaribio kuhusu jinsi mtu anavyofuata sauti moja kati ya nyingi. Jumbe mbili zilipochanganywa na kusikizwa kwa pamoja, wasikilizaji walipata taabu kuzitenganisha; kila sikio lilipopewa ujumbe wake, waliufuata walioutaka kwa urahisi. Ubongo hupepeta kwa kulinganisha masikio. Kama pande zote mbili zimepungua na mtaalamu ameshauri mashine mbili, kuvaa moja ili kutunza nyingine ni hasara.

Wafundishe watu wako

Kwetu kutoitikia salamu ni jambo zito. Kijana akisema "Shikamoo" nawe ukapita, ataenda kusema mzee yule ana kiburi. Mimi sasa ninawaambia watu mapema: "Nina mashine za masikio. Ukinisalimia nisipoitikia, niguse bega." Hakuna aliyenidharau kwa kusema hivyo. Walionidharau ni wale niliowaficha.

Wafundishe mambo machache yanayotekelezeka. Wakuite jina kwanza, wasubiri uwageukie, ndipo waseme. Wasipige kelele: anayepiga kelele hukuza irabu, na irabu tunazisikia tayari. Waseme polepole kidogo, uso ukiwa wazi, bila mkono mdomoni. Wasizungumze wawili kwa mpigo, na televisheni izimwe.

Nawe usiulize "eee?" au "unasemaje?" Swali hilo humfanya mtu arudie yote kwa hasira, na lile neno lililopotea likapotea tena. Uliza kilichopungua: "Umesema mama Asha anataka nini?" Na akirudia mara mbili bila mafanikio, mwombe abadilishe maneno.

Hapa lugha yetu yenyewe inatusaidia, na ndilo somo ninalolipenda kuliko yote. Kiswahili hurudia alama zake. Mtu akisema "viti vyangu vile viwili vimevunjika", wingi ameutaja mara tano. Kelele ikimeza ya kwanza, ya tatu itakufikia. Ndiyo maana sentensi nzima ni rahisi kuelewa kuliko neno moja lililopigiwa kelele, na ni vizuri watu wako wajue hivyo. Badala ya "Viti!", waseme sentensi. Badala ya "hatakuja", waseme "haji", neno ambalo halifanani kabisa na "anakuja". Badala ya "sita" peke yake, waseme "sita, nusu ya kumi na mbili". Na habari za fedha, dawa na saa za safari zithibitishwe kwa ujumbe wa maandishi, hata kama umesema umesikia.

Upe ubongo muda

Sikio likirekebishwa, ubongo huanza shule. Sauti ulizozikosa kwa miaka, kama viatu vinavyosugua sakafu au karatasi zinazokunjwa, zitakujia zikiwa kali na za kuudhi, nao ubongo utahitaji wiki kadhaa kujifunza zipi za kuzipuuza. Vaa mashine siku nzima, hata ukiwa nyumbani peke yako. Anayezivaa siku ya harusi tu hupeleka harusini masikio ambayo hayajafanya mazoezi. Anza kwa taarifa ya habari kwenye chumba kimya, kisha na feni, kisha mazungumzo ya watu wawili, kisha watatu, halafu uende sokoni saa ambazo hakuna msongamano. Ukichoka, pumzika. Kusikiliza kwa bidii kunachosha kama kubeba mzigo.

Yapo mambo ambayo marekebisho hayayatibu. Sikio likizimika ghafla, ndani ya saa chache au siku chache, usingoje miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo, maana matibabu yakicheleweshwa nafasi ya kupona hupungua. Vivyo hivyo ukipata usaha, maumivu, kizunguzungu kikali, au sikio moja likapungua kuliko jingine bila sababu inayojulikana. Na kama mashine zenye nguvu zilizorekebishwa vizuri bado hazikupi maneno hata kwenye ukimya, muulize daktari wa masikio kuhusu kipandikizi cha koklea, yaani cha kile kiungo chenye umbo la konokono. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji huo mwaka 2017.

Kwa wiki hii, fanya matatu: safisha matundu ya maikrofoni, fungua daftari, na mwambie mtu mmoja mnayekaa naye jinsi unavyotaka akuambie jambo. Mimi nilianza na yule mtoto wa kaka yangu. Juzi alinipigia tena nikiwa barabarani, magari yakipita. Hakupaza sauti. "Baba mdogo," akanyamaza kidogo mpaka nilipoitika, "shangazi haji leo. Amebaki Morogoro, atasafiri kesho." Kisha simu ikatetemeka mfukoni: ujumbe, na saa ya basi. Nikageuka nikarudi nyumbani.